Ugomvi Ndani ya Kioo

  Leo hatutasema habari za mifugo wala za mavuno, bali za samaki; tena si samaki wa kuliwa. Twasema juu ya wale samaki wa rangi nzuri wawekwao ndani ya tangi la kioo sebuleni, wapate kutazamwa. Huenda wengi wenu hamjaona tangi la namna hiyo ila katika hoteli, au mahali pa kumngojea daktari wa meno. Msizime redio kwa sababu hiyo. Jambo hili lina uzito wake, nalo limetujia kwa barua.

Aliyetuandikia ni kijana afanyaye kazi za nyumbani katika mji wa Nairobi. Katika nyumba hiyo mna tangi la maji ya chumvi, urefu wake futi tatu, na kulitunza ni kazi yake: kufuta vioo, kuongeza maji, kulisha asubuhi na jioni. Mwenye nyumba alinunua kwanza kangaja mmoja wa buluu. Samaki akakaa vizuri miezi minne. Kisha bwana yule akamhurumia, akaona kwamba yu peke yake, akamnunulia mwenzake wa namna ile ile. Siku ya tatu yule mgeni alikutwa amekufa. Akaletwa mwingine, huyo hakumaliza hata siku mbili. Sasa kijana ameambiwa kwamba ni uzembe wake, kwamba hakuwalisha au alitia kitu kibaya majini, na bei ya samaki wawili itakatwa katika mshahara wake. Atuuliza maswali mawili. La kwanza: je, samaki aweza kuwa na roho mbaya? La pili: amwambie nini tajiri wake?

Maswali yote mawili yana jibu, ila hatuwezi kulipata tukisimama sebuleni. Lazima tuteremke baharini kwanza, maana samaki huyo hakuumbwa sebuleni.

Ninyi mkaao pwani mwamjua kangaja. Wako wa namna nyingi, na wavuvi hawapendi kumshika ovyo, kwa sababu kila upande wa shina la mkia wake ana kijisu kikali kama wembe, ambacho hukikunja na kukikunjua. Huyu wa barua yetu ni mzuri kupita ndugu zake wengi: mwili wa buluu kama anga, uso mweusi, koo jeupe, na pezi la mgongoni la manjano. Hukaa katika Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwamo, juu ya miamba ya matumbawe ambapo maji si ya kina kirefu na jua lafika chini. Chakula chake ni mwani mfupi uotao juu ya mawe. Ukiugusa ni utelezi tu, huwezi kudhani ni kitu cha kugombaniwa. Lakini kwake ndio shamba.

Shamba hilo halina ua. Mwani huota kila siku, na alaye kwanza ndiye ashibaye. Watafiti waliokwenda kisiwa cha Aldabra, katika nchi ya Shelisheli, waliandika mwaka 1979 jinsi kangaja huyu na jamaa zake wanavyolinda malisho yao dhidi ya walaji wengine. Wala mwenye shamba hamfukuzi kila apitaye. Tewa akipita na mdomo wake mkubwa hakuja kutafuta mwani. Afukuzwaye ni mla mwani, na kupita wote yule wa namna moja naye, kwa kuwa huyo ndiye atakaye chakula kile kile na pango lile lile la kulala.

Jambo hili limepimwa, si maneno matupu. Watafiti wengine walichukua samaki mbalimbali, wakawatia ndani ya chupa, wakazisogeza chupa hizo polepole kuelekea milki ya samaki mmoja mdogo alindaye mwani, asiyezidi urefu wa kiganja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974. Wa namna yake alishambuliwa akiwa bado mbali. Wa namna nyingine waliachwa wakaribie zaidi kabla ya kushambuliwa. Yaani samaki yule alikuwa na mipaka mingi, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja kwa mtu wake. Tena imeonekana kwa samaki kadhaa kwamba jirani wa siku zote hasumbuliwi kama mgeni. Jirani anajulikana mpaka wake. Mgeni hajulikani atakacho. Sisi wenye mashamba tunalielewa hilo bila kufundishwa.

Na vita vyenyewe huko baharini vikoje? Ni vya muda mfupi mno. Mgeni akiingia shambani, mwenyeji humjia na mapezi yamesimama, humgeuzia ubavu, mkia wenye kisu ukielekezwa kwake. Mara nyingi hayo yatosha. Mgeni akimbia mita chache tu, apita mpaka, na neno limekwisha. Mshindi haendi kumtafuta. Ana mwani wa kula.

Sasa mlete samaki huyo sebuleni. Futi tatu zile zote ni shamba lake. Hakuna pembe hata moja iliyo nje ya mpaka. Amelijua kila jiwe kwa miezi minne. Mgeni akitiwa humo, yumo shambani tangu tone la kwanza. Afukuzwa, akimbia kama angalivyokimbia baharini, agonga kioo. Ageuka, agonga kioo cha pili. Ajificha nyuma ya pampu, aonekana. Hapo ndipo penye huzuni ya jambo hili, ndugu wasikilizaji. Kwa kangaja, njia kuu ya kusema nimeshindwa ni kuondoka. Aliyeshindwa akibaki machoni pa mshindi, mshindi haoni kushindwa. Aona mtu ambaye bado anadai shamba. Kwa hiyo ampiga tena, na saa ifuatayo tena, na usiku ukiisha tena. Vita ambavyo baharini vingekwisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, ndani ya kioo huchukua siku tatu, na mwisho wake mmeusikia katika barua.

Basi, swali la kwanza. Samaki yule hana roho mbaya. Anafanya jambo lile lile ambalo angalifanya mwambani, na ambalo huko halimwui jirani. Kilichobadilika ni kwamba mlango umefungwa, na aliyeufunga si samaki.

Twasoma katika kitabu cha Mwanzo kwamba mwanadamu alipewa kuwatawala samaki wa baharini. Wengi wetu tumedhani maneno hayo yanawahusu wavuvi tu. Lakini hakuna awatawalaye samaki kama mwenye tangi. Yeye ndiye aamuaye taa ziwake saa ngapi, maji yawe na chumvi kiasi gani, chakula kije lini, na zaidi ya hayo yote, nani akae na nani. Mvuvi akirudi pwani, samaki waliobaki wanaendelea na maisha yao bila yeye. Wale wa tangi hawawezi.

Tuje kwenye swali la pili, linalohusu mshahara wa mtu. Tutalijibu polepole, ili hata tajiri, kama asikiliza, alipime mwenyewe.

Ameshitakiwa kwamba hakulisha. Samaki mwenye afya hafi njaa kwa siku mbili wala tatu. Hao wawasafirishao samaki huwanyima chakula siku moja au zaidi kabla ya safari, kwa makusudi, ili wasichafue maji ya mfukoni, nao hufika wazima. Na kama chakula kilikosekana, mbona mwenyeji hakukonda?

Ameshitakiwa kwamba alitia kitu kibaya. Maji mabaya hayachagui. Ile sumu itokayo katika kinyesi na mabaki ya chakula, iitwayo amonia, humfikia kila aliye majini. Ni kweli kwamba mgeni aliyetoka safarini huwa dhaifu kuliko mwenyeji. Hata hivyo mwenyeji asingeendelea kung'aa na kula kwa pupa ndani ya maji yaliyowaua wenzake wawili, mmoja baada ya mwingine. Tena kupima si kazi kubwa. Wauzao vifaa vya tangi huuza pia dawa ya kupimia: maji kidogo katika kichupa, matone machache, rangi ikasomwa. Ipimwe mbele ya wote wawili.

Kisha mwili wa marehemu. Je, mapezi yalikuwa yamepasuka? Je, ubavuni palikuwa na mkato ulionyooka, kama wa wembe? Kidonda cha ugonjwa hakinyooki namna hiyo. Kijana aliandika kwamba yule wa pili alikuwa akisimama juu kabisa pembeni, akihema haraka, rangi yake imefifia, wala hakutaka kushuka hata chakula kilipotiwa. Hizo ni dalili za samaki anayewindwa. Angeishi siku zaidi, yawezekana angetokwa na vidoa vyeupe kama punje za chumvi, maana ugonjwa huo hupenda kuwapata samaki walio katika taabu, na kangaja huyu wa buluu anajulikana kwa kuupata upesi. Hapo watu wangesema ameuawa na ugonjwa. Ugonjwa ungalikuwa umefika mwisho, kama fisi.

Kama mambo ni kama yalivyoandikwa, kijana hakukosa. Samaki wale wawili walihukumiwa siku waliponunuliwa. Huruma ya tajiri ilikuwa huruma ya kweli, wala hatumcheki. Ila ilikuwa huruma ifaayo kwa mtu, akampa samaki. Mtu akikaa peke yake miezi minne hutamani mwenzake. Kangaja akikaa peke yake shambani mwake ameshiba. Kukata mshahara wa mtumishi kwa sababu hiyo ni kumlipisha mtu deni la kioo.

Aseme nini, basi? Twamshauri asibishane. Angojee jioni moja ambapo bwana ametulia, amwombe aketi mbele ya tangi dakika kumi. Kisha achukue kioo cha kujitazamia, kile cha mkononi, akiegemeze nje ya tangi, uso wake ukitazama ndani. Kangaja atamwona kangaja. Atakuja na mapezi yamesimama, atageuza ubavu, atapiga. Hapo hapana mgeni, hapana njaa, wala sumu. Pana sura yake tu. Bwana mwenyewe ataona ni nini kilichowaua wale wawili, wala kijana hatahitaji kusema neno. Baadaye kioo kiondolewe. Si vema kumchosha samaki kwa adui asiyekuwapo.

Mtu wa kwanza kuwafanya watu wengi wafikiri juu ya mambo haya alikuwa Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria, aliyeitoa mwaka 1963 kazi yake juu ya ugomvi wa wanyama. Alianza na samaki wa matumbawe, aliowatazama baharini na ndani ya matangi. Aliona kwamba samaki wa rangi kali huwaacha wageni wa namna nyingine, na kumrukia aliye sawa naye. Akadhani rangi zile ni kama bendera, za kumwambia mwenzake kwamba pahali hapa pana mwenyewe. Waliomfuata wameona kwamba rangi zina kazi nyingine nyingi, na jambo si rahisi kama alivyolieleza. Mwaka 1973 alipata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Sisi twamkumbuka kwa lile la kwanza tu, kwamba adui mkubwa wa samaki tangini ni yule afananaye naye, kwa sababu wenye maduka bado wanawauza wawili wawili kwa watu wasiojua.

Je, hakuna njia ya kuwaweka pamoja samaki wakali? Iko, kwa kiasi. Kina mama wafugao kuku wanaijua nusu yake. Kuku mgeni haingizwi bandani mchana mbele ya wenyeji. Huingizwa usiku, na kukipambazuka wamezoea kidogo harufu na sura yake. Vivyo hivyo samaki mgeni hutiwa taa zikiwa zimezimwa. Tena mawe ya tangi hupangwa upya siku hiyo hiyo, ili mwenyeji naye ajikute mgeni, asijue mpaka wake ulipita wapi. Wengine humtia mgeni kwanza ndani ya kisanduku chenye matundu, humo humo tangini, wakaonana siku kadhaa pasipo kugusana. Aliye mkali kuliko wote huingizwa mwisho, baada ya wapole kujipatia mapango. Na mapango yawe mengi kuliko samaki. Lakini kwa kangaja wawili wa buluu katika futi tatu, hata hila hizi zote hazitoshi. Hao watunzao kangaja kwa miaka mingi hutaka tangi la futi sita kwa mmoja tu. Msemo wetu wasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliousema hawakuwa wakitazama tangi.

Wako samaki walioumbwa kukaa mahali pembamba, nao wana desturi tofauti kabisa. Mmewaona labda katika picha: wadogo, wa rangi ya machungwa au manjano, wenye mistari myeupe, wakiishi katikati ya minyiri iwashayo ya mnyama aitwaye anemoni. Wa jamii hiyo wako pwani yetu pia. Anemoni moja ni nyumba ndogo, na kutoka nje yake ni kuliwa. Kwa hiyo wamepanga foleni. Mkubwa kuliko wote ni jike. Wa pili ni dume lake. Wanaofuata hawazai, wanangoja tu, kila mmoja mdogo kuliko aliye mbele yake. Mwaka 2003 mtafiti Peter Buston alionyesha jambo la ajabu: wadogo hawa hujizuia kukua. Akikaribia kulingana na aliye mbele yake, hupunguza kukua, kwa maana akilingana naye atafukuzwa. Na jike akifa? Dume hugeuka kuwa jike, na wa tatu hupanda kuwa dume. Hilo liliandikwa tangu mwaka 1977. Tafadhali msitumie samaki hawa kufundishia semina za ndoa, mtajitafutia maswali. Mwenye tangi ajue tu kwamba wawili wadogo wasiolingana watapatana, na wa tatu, pasipo nafasi ya kukimbilia, huteswa mara nyingi mpaka afe.

Wengine, wakiona ugomvi umezidi, huambiwa dukani wamnunue samaki msafishaji, yule mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi, ambaye huwala wadudu walio katika ngozi za wenzake. Ni kweli kwamba mwambani mbele yake watu hutulia. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba hata wale walao samaki hupunguza kuwakimbiza wengine wakiwa karibu na msafishaji. Lakini msafishaji mmoja baharini hula zaidi ya wadudu elfu moja kwa siku. Tangini atawapata wapi? Wengi wao hufa njaa, taratibu, mbele ya macho ya watu wasemao jinsi alivyo mzuri. Na mwamba alikotolewa hupungukiwa. Huko Australia, wasafishaji walipoondolewa katika miamba midogo kwa miaka minane na nusu, samaki wengine nao walipungua. Hatuoni sababu ya kumnunua.

Wako vijana wetu wa pwani, sehemu za Shimoni na Kilifi, ambao hupata riziki kwa kuzamia na kuwavua samaki hawa wa mapambo, wauzwe Ulaya, Marekani na Asia. Hatutaki asikiaye maneno haya aidharau kazi yao. Tena wao wanajua kitu ambacho mnunuzi wa mbali hakijui. Kangaja akivuliwa, huwekwa peke yake. Akisafirishwa, yu peke yake ndani ya mfuko wake, na maji kidogo na oksijeni. Mvuvi hamtii pamoja na mwenzake hata kwa saa chache. Maarifa hayo huishia uwanja wa ndege. Yangesafiri pamoja na samaki, hata kwa karatasi ndogo iliyobandikwa mfukoni, wangeponywa wengi.

Limebaki jambo la mwisho, maana tunajua wengine mtauliza. Tangi likishindwa, yule mkali apelekwe wapi? Kumwua kwa kuwa ameua si haki, mmekwisha kusikia kwa nini. Wala asitupwe katika bahari yoyote iliyo karibu. Samaki yule wa mapezi marefu yenye miiba ya sumu, ambaye wengine humwita samaki simba, ni mwenyeji wa bahari zetu za mashariki. Mwaka 1985 alionekana mara ya kwanza mbele ya pwani ya Florida, Marekani, na wataalamu wanaamini alitoka katika matangi ya watu. Leo amejaa katika bahari ya Karibi yote, akila samaki wachanga wa huko wasiomjua, na juhudi za kumwondoa hazijafaulu. Hata samaki wa pwani hii hii, akiisha kukaa tangini na samaki wa nchi nyingine, aweza kurudi na ugonjwa usiojulikana mwambani.

Arudishwe kwa aliyemwuza, au apewe mtu mwenye tangi kubwa. Achukuliwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, ndani ya maji ya tangi lake mwenyewe, wala isiwekwe juani hata kidogo. Gizani hutulia. Aangaliwe asimkate mtu kwa mkia. Asishikwe kwa mkono mtupu, na wavu wa nyuzi nyembamba humnasa kile kisu, basi afadhali atekwe kwa bakuli. Tena mwulizeni kwanza yule ampokeaye, kabla ya kutoka nyumbani, kama tayari ana kangaja mwingine ndani.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka juma lijalo.